Naombeni ushauri: nikikaribishwa na nisiowajua kwenye safari ya baiskeli, nipokee vipi?

Msafiri Mpya
Wakuu, najiandaa kwa safari ndefu ya baiskeli. Hema ninalo, kwa hiyo pa kulala hapanitishi. Kinachonisumbua ni watu. Waliotangulia wanasema utakaribishwa sana, hata na wenye kidogo. Mimi ni mzito wa kupokea: nikikubali naona nawaelemea, nikikataa nahofia nimewavunjia heshima. Na nitamjuaje wa kumwamini?

Pedali
Mkuu, anza kwa kuomba kitu kidogo. Fika jua halijazama, omba maji au uliza pa kupiga hema. Anayetaka uingie ndani atasema mwenyewe, na asiyetaka hujambana. Kubisha hodi usiku kunamtia mtu hofu hata awe na moyo mwema kiasi gani. Sema mapema unaondoka lini, na uondoke kweli.

Upepo wa Mbele
Nyongeza kwa dada zangu, maana husafiri peke yangu. Napendelea nyumba yenye familia, na huongea na mama mwenye nyumba kabla sijakubali. Ndugu yangu namtumia mahali nilipo, mbele ya mwenyeji, bila kuficha. Moyo ukisita naondoka, sidaiwi maelezo na mtu. Pia kuna Warmshowers, mtandao wa waendesha baiskeli wanaolaza wenzao bure, ulioanza 1993. Unasoma maoni ya waliolala pale ndipo unaomba.

Mlima Mrefu
Kuhusu shukrani, mimi siafikiani na wanaosema acha pesa tu basi. Osha vyombo, kaza breki za baiskeli ya mtoto, kaa usimulie ya njiani. June Curry wa Afton, Virginia, Marekani, alianza kuwapa maji waendesha baiskeli waliopanda mlima kupita kwake mwaka 1976, akaendelea miaka na miaka. Wageni wakamtumia kadi za posta, naye akazibandika kutani. Chukua anwani, ukifika salama andika. Wengi hawaandiki, na inaniuma, kwa sababu mwenyeji hubaki akijiuliza kama ulifika.

Msafiri Mpya
Asanteni sana. Na mwenyeji akiwa hana kitu, halafu anataka kunipa kitanda chake?

Pedali
Mwambie unalo godoro lako la safari, ulitandike sakafuni. Chakula usikatae. Ila toa akiba iliyomo kwenye mizigo yako kabla hakijapikwa, mpike pamoja.