Nimeshushwa kwenye ndege Dodoma kwa ajili ya siti, mama mkwe akaenda peke yake

Mama Zabibu, Area C

Mbukwenyi wakuu. Nina jambo linanikereketa tangu Jumanne, na nyumbani wamechoka kunisikiliza, kwa hiyo nimelileta hapa.

Nilikuwa nampeleka mama mkwe Dar, kliniki ya macho. Ni mama wa Mvumi, miaka sabini na kitu, ndege alikuwa anaziona zikipita tu. Shemeji aliyeko Dar akamkatia yeye tiketi, mimi nikajikatia yangu siku mbili baadaye, na huu msimu wa Bunge la bajeti mnajua nafasi zinavyogombaniwa. Kufika kaunta, mama kapewa 13F, dirishani. Mimi 6C. Nikamwambia dada wa kaunta tuko pamoja, akasema ndege imejaa, mtaelewana huko huko ndani. Hayo maneno "mtaelewana huko huko ndani" naomba myaweke akilini.

Hizi pangaboi mnazijua: viti viwili huku, viwili huku, njia katikati. Nikamkalisha mama, nikamfunga mkanda, kapu lake la zabibu nikalisukumia chini ya siti ya mbele, nami nikakaa 13D pembeni yake. Akaja kijana mmoja wa shati jeupe, kitambulisho cha ofisi kinaning'inia shingoni. "Samahani mama, hapo ni kwangu." Nikamweleza kwa upole. Nikamwonyesha kuwa yangu ni 6C, ya njiani kama yake, tena iko mbele, atatangulia kushuka. Hapotezi kitu! Akasema, "Naelewa mama, ila naomba siti yangu." Basi. Sababu hakutoa.

Mhudumu akaja, akaniomba nirudi 6C. Nikamwambia mama haoni vizuri na anaogopa. Akaondoka, akarudi, tukaongea tena. Mara ya tatu alikuja na mwanaume wa pale chini mwenye kizibao cha kung'aa, nikaambiwa kapteni amesema nishuke. Nimeshuka ngazi abiria wote wananitazama, pochi kwapani, jua la saa nane linanipiga utosini. Mlango ukafungwa, mama mkwe yumo ndani.

Sasa wenye kujua: wana haki ya kunishusha kwa ajili ya siti wakati tiketi yangu ni halali? Na nauli ndiyo imekwenda? Kaunta wanasema nimevunja masharti.

Konda Mstaafu

Pole sana dada. Nimekuwa konda njia ya Dodoma–Singida miaka kumi na moja, ugomvi wa dirishani ndiyo ulikuwa mkate wangu. Kwenye basi mtu akikaidi tunaondoka naye hivyo hivyo, watazozana, tukifika Bahi wameshachoka, Manyoni wanagawana mahindi ya kuchoma. Ndege haina Bahi. Rubani hawezi kuruka na watu wanaozozana akitegemea watapatana mbele ya safari.

Ila huyo kijana naye! Mama mzima, haoni vizuri, unang'ang'ania siti?

Msomi wa Kikuyu

Dada, hapa una kesi. Mkumbuke Dk. David Dao, Marekani, 9 Aprili 2017, ndege ya United Express pale Chicago ikienda Louisville. Walitaka siti nne za wafanyakazi wao, wakaahidi mpaka dola 800 kwa atakayekubali kushuka, hakuna aliyetaka. Wakachagua majina. Yule mzee wa miaka 69 akakataa, akaburutwa njiani kama gunia, akavunjwa pua na meno mawili. Mwezi haujaisha wamemalizana naye nje ya mahakama, na kampuni ikapandisha kiwango cha kumbembeleza abiria aachie nafasi mpaka dola 10,000. Ila pia kuna Mkataba wa Tokyo wa 1963, unampa kapteni mamlaka ya kumshusha mtu.

Nyuma ya Kaunta

Nimefanya kazi kiwanja hiki hiki, nimepanga sana abiria, naomba nijibu.

Msomi, mfano wako unamuumiza mleta uzi. Dk. Dao alikuwa kwenye siti yake mwenyewe, aliyolipia na kupewa, akaombwa aiachie kwa faida ya kampuni. Mama Zabibu alikuwa kwenye siti ya mwenzake. Na huo Mkataba wa Tokyo, mamlaka ya kapteni unayoyasema ni kwa safari zenye kuvuka mipaka, tena yanaanza milango ikishafungwa. Dodoma–Dar, mlango wazi, hapo ni masharti ya tiketi na sheria za nchi. Yale masharti ambayo sote tunabonyeza "nakubali" bila kusoma yana mstari unaosema abiria atafuata maelekezo ya wahudumu. Hushushwi kwa ajili ya siti. Unashushwa kwa sababu umeambiwa ufanye kitu na umekataa.

Siti yenyewe kampuni ina uhuru wa kukubadilishia. Kuna siti za mlango wa dharura ambazo hakai mtoto wala mtu asiyeweza kufungua ule mlango. Kuna mizani pia: ndege ndogo, watu wakirundikana nyuma na mbele pakiwa patupu, uzito unahama. Aliyepanda zile za injini moja za watu kumi na wawili anajua, unapimwa wewe na begi lako, halafu unaonyeshwa pa kukaa. Ila nisidanganye, kubadilishana mtu kwa mtu kwenye ndege ya watu sabini na kitu si tatizo la mizani. Mngekubaliana nyie wawili, mhudumu angewaacha.

Kosa la kwanza ni la kaunta. Abiria asiyeona vizuri anaandikwa mapema kuwa anahitaji msaada, na anayemsindikiza anawekwa karibu. "Mtaelewana huko ndani" ni uvivu, nimeshausema mwenyewe mara nyingi foleni ikiwa ndefu. Shika hapo. Andika barua kwa kampuni, weka namba za tiketi zote mbili na saa uliyofika kaunta. Wakinyamaza, kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kuna baraza la watumiaji wa huduma za anga, kazi yao ni malalamiko kama haya. Nauli yote sikuahidi.

Swali moja. Umesema mhudumu "akaondoka, akarudi, tukaongea tena", kisha ghafla kizibao kinang'aa. Mliongea nini?

Konda Mstaafu

Hahaha! Huyu amewahi kuwa konda.

Mama Zabibu, Area C

Nyuma ya Kaunta, Mungu anakuona.

Haya. Mara ya pili nilimwambia yule binti kwamba sitoki, na anayetaka kunitoa aje aninyanyue. Halafu nikamuuliza kama ananijua mimi ni nani. Wakuu, mimi nauza zabibu. Sijui hata nilitegemea ajibu nini. Na nilishika mkono wa siti hivi, kwa mikono miwili, kama mtoto anayegoma kwenda shule. Kwenye uzi niliona haina umuhimu.

Barua nitaandika, nitabaki na hilo la kaunta.

Sasa sikieni lililonitoa usingizi. Nilipanda treni ya mwendokasi jioni, nikafika Dar usiku, mama mkwe kakaa sebuleni kwa shemeji anakunywa chai. Nikadhani nitakuta machozi. Ananiambia, "Mbona umechelewa?" Yule kijana alimshika mkono ndege iliposhika kasi, akamsimulia kila wingu, akambebea kapu mpaka mlango wa kutokea, akasimama naye mpaka shemeji alipotokea. Mama kampa nusu ya zabibu zangu. Na akamuuliza mwenyewe, kwa ule uwazi wa kizee, kwa nini alinikatalia. Ana chuma mguu wa kushoto tangu ajali ya bodaboda, goti halikunji vizuri. Pale 13D njia iko kushotoni kwake, anaunyoosha. 6C njia iko kulia, ule mguu ungebanwa katikati mpaka Dar.

Mimi nilikuwa nimekazana "njiani kwa njiani".

Kliniki wamempangia mama kurudi mwezi ujao. Shemeji anauliza akate tiketi mbili kwa pamoja safari hii. Mama anasema yake akate, mimi nije na treni, na kama inawezekana wamuulize yule kijana anasafiri lini.

Konda Mstaafu

Naomba namba ya huyo mama. Zabibu zimebaki?