Miaka sita nafunga makabati yao, leo naambiwa NIGUSE UKUTA!

Wakuu, nimetoka hotelini kwenye usaili sasa hivi. Niko kwenye daladala, viatu nimevishika mkononi, na siwezi kusubiri nifike nyumbani ndipo niandike.

Shirika la ndege nililokuwa mhudumu wake mnalijua. La Ghuba, lile lile. Silitaji maana bado wananidai sare.

Mnakumbuka Machi 2020 ndege zilivyoegeshwa jangwani kama mabasi mabovu. Tukapewa likizo bila malipo, Juni ikaja barua ya kutuachisha. Barua yenyewe tamu, ungedhani kadi ya harusi: mambo yakikaa sawa, ninyi ndio mtakaoitwa kwanza. Basi nikarudi Tabata, nikauza chapati kwa tabasamu la daraja la kwanza. Wateja wakanibandika jina, Kuku-au-Nyama. Nikavumilia. Si naitwa kwanza?

Leo nimeitwa. Nimeitwa kwa tangazo, mimi na watu mia nne (au elfu nne, sikuhesabu) waliomaliza kidato cha sita juzi. Foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, kila mdomo umepakwa rangi nyekundu, ukumbi mzima kama shamba la pilipili.

Zamu yangu ikafika. Ukutani kuna kipande cha utepe, kimeandikwa 212. Kwa msiojua: unavua viatu, unasimama kwa ncha za vidole, unanyoosha mkono, unatakiwa ufikie sentimita 212. Wanasema ni ili ufikie vifaa vya dharura vinavyokaa juu. Sawa. Sasa nani kasimama pale na karatasi zake? Yule binti! Yule aliyeruka safari yake ya kwanza na mimi, akatapika kutoka tulipopaa mpaka Dar, na mfuko nimemshikia mimi. Yeye alibaki kazini, mimi nikatoka. Ananitazama usoni. Ananijua kabisa. Anasema: "Dada, vua viatu, gusa ukuta."

GUSA UKUTA.

Nimefunga makabati ya mizigo ya Boeing 777 mpaka bega moja limekuwa refu kuliko lenzake. Mlango wa ile ndege naufungua gizani, usingizini, na homa. Kila mwaka tulikuwa tunakaririshwa upya: ikitokea dharura, sekunde 90, nusu ya milango imekufa, abiria wote wawe nje. Nimezalisha mama juu ya Bahari ya Hindi (haya, alijifungua tulipokwisha kutua, lakini mkono nilimshika mimi). Halafu niguse ukuta!

Kisha fomu. "Je, una uzoefu wa kuhudumia wateja?" Ndiyo, hapana. Nusura niandike chapati.

Na hata nikipita naanza sifuri: namba mpya ya kazi, mshahara wa anayeanza, miezi sita ya majaribio. Lakini hayo siku nyingine. Leo nazungumzia ukuta.

Bamia Kavu
Pole sana dada. Swali moja tu. Ulifika?

Mzee wa Foleni
Nimesoma mpaka nukta ya mwisho natafuta hilo hilo. Hakuna.

Kuku-au-Nyama (mleta uzi)
Hoja si kufika. Hoja ni KUAMBIWA.

Bamia Kavu
Hajafika huyo.

Konda Mstaafu
Kwenye daladala umeshika viatu mkononi? Ninyi ndio mnaokanyagwa vidole halafu mnamtukana konda. Miaka kumi na moja mlangoni nimetukanwa na watu peku.

Mbeba Box Texas
Mleta uzi, nakuelewa, na mimi ni mhudumu wa ndege huku Marekani. Tarehe 1 Oktoba 2020, ruzuku ya serikali ya mishahara ilipokwisha, mashirika mawili makubwa yalisimamisha wafanyakazi zaidi ya 32,000. Nikiwemo. Desemba Bunge likapitisha dola bilioni 15 nyingine, tukarudishwa. Ila huku jina lako halitoki kwenye orodha ya ukongwe. Aliyeingia mwisho ndiye anatoka kwanza, na wakiita wanaanza na mkongwe kushuka chini. Mkataba wa chama cha wafanyakazi unawabana, hawaleti mgeni wakati wewe uko nyumbani unasubiri. Yule binti aliyetapika angetoka kabla yako. Shirika lenu chama hakuna, utamshtaki nani?

Mzee wa Foleni
Kumbe huko peponi.

Mbeba Box Texas
Pepo gani! Shirika langu saa ya malipo inaanza mlango ukifungwa. Abiria wanapanda, unamsaidia bibi begi la kilo thelathini, unaamua ugomvi wa siti 14C, mvua inanyesha mmekaa langoni saa mbili, yote hiyo sadaka. Juzi mmoja kaniuliza mbona natazama sana mlango. Nautazama kwa sababu ndio mshahara wangu.

Mwalimu wa Kujitolea
Mnalilia ukuta na mlango. Mimi nimejitolea miaka sita shule moja. Mkuu wa shule ananiita mwalimu, watoto wananiita mwalimu, hata Mangi wa dukani anayenidai ananiandika "Mwalimu" kwenye daftari la mkopo. Nafasi zimetoka, nimeitwa usaili, nimelala stendi, naulizwa andalio la somo ni nini. Aliyepata hajawahi kushika chaki. Anasema vumbi lake linamwasha.

Kuku-au-Nyama (mleta uzi)
Pole mwalimu, lakini huu uzi ni wa ukuta.

Mwalimu wa Kujitolea
Na mimi nimeleta ukuta wangu.

Mfupi wa Kariakoo
Nani anatutetea sisi wafupi? Kila suruali ninayonunua nakata, na kipande kinachobaki fundi hanipunguzii hata mia. Nimeshamwachia fundi vipande vya kushona kaptula za ukoo mzima.

Mrembo wa Segerea
Jamani nilikuwa kwenye foleni, nyuma yake kabisa. Sikutaka kusema. Mara ya kwanza aliishia kama 210 na nusu. Akaomba arudie, akaruka. Kuruka hairuhusiwi.

Kuku-au-Nyama (mleta uzi)
Sikuruka. Niliteleza kwenda juu.

Bamia Kavu
NILITELEZA KWENDA JUU 😂😂 Mods fungeni uzi, tumemaliza.

Kuku-au-Nyama (mleta uzi)
Nilipoajiriwa nilifika na nikapitiliza! Zile chapati zimenipinda mgongo, nani wa kulipa? Mtu niliyemshikia mfuko, MFUKO, anashindwa kusema "huyu namjua, pita"?

Mrembo wa Segerea
Mimi nilifika lakini wamenitoa kwenye kupiga picha, eti tabasamu langu linaonyesha ufizi.

Konda Mstaafu
Bora wewe una ufizi. Mimi nilitolewa kwenye mabasi ya mikoani kwa sababu ya sauti. Konda, sauti!

Mzee wa Foleni
Samahani, hizo chapati ni za kumimina au za kusukuma?

Kuku-au-Nyama (mleta uzi)
Za kusukuma. Wakuu, turudi kwenye mada.

Mzee wa Foleni
Shilingi ngapi?

Kuku-au-Nyama (mleta uzi)
Mia tano. Tabata Kimanga. Kuanzia kumi naleta mpaka mlangoni.

Mfupi wa Kariakoo
Mia tano? Kimara mia tatu, na chai ya mchaichai unaongezewa.

Mwalimu wa Kujitolea
Za Kimara ukizishika juu ya taa unasoma gazeti ng'ambo ya pili.

Mfupi wa Kariakoo
Mwalimu unadaiwa na Mangi, chapati za Kimara umezionea wapi?

Konda Mstaafu
Mimi niwekee kumi, kesho saa moja. Nauli ya kuzileta ni juu yako, maana wewe ndiye mwenye viatu.