Je, ni joto linalowafanya mbwa kuuma watoto zaidi, au ni watoto kukaa nje?

MamaPacha, Dallas

Ndugu wanajukwaa, salaam. Wiki mbili zilizopita mwanangu wa miaka sita aliumwa shavuni na mbwa wa jirani, mbwa ambaye amezoeana naye tangu tulipohamia hapa Texas na ambaye hakuwahi hata mara moja kumtolea meno. Ilikuwa alasiri ya jua kali, watoto wakirushiana maji uani, na mbwa amelala kivulini chini ya mti. Nesi aliyemhudumia aliniambia kwamba kila mwaka, joto likishaanza, watoto wa namna hii huongezeka kuliko wakati wa baridi. Ningependa kuelewa kama ni joto lenyewe linalombadilisha mbwa, au ni watoto tu kuwa nje kutwa. Mume wangu anataka mbwa yule aondolewe mtaani, nami bado sijajua lawama niielekeze wapi.

Mganga wa Mifugo, Morogoro

Pole sana, dada, na mtoto apone upesi. Mwaka 2023 jarida la Scientific Reports lilichapisha utafiti uliokusanya matukio 69,525 ya watu kuumwa na mbwa katika miji minane ya Marekani, Dallas ukiwamo, kuanzia mwaka 2009 hadi 2018. Siku zenye miale mikali ya urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, matukio yaliongezeka kwa asilimia 11, siku za joto kwa asilimia 4, na siku ambazo hewa ilikuwa na ozoni nyingi, gesi inayochafua hewa, kwa asilimia 3. Siku za mvua nyingi yalipungua kwa asilimia 1.

Kwa upande wa mbwa mwenyewe, kumbuka kwamba hatoki jasho mwili mzima kama sisi, bali kidogo tu kwenye nyayo, na hujipoza hasa kwa kutweta. Joto lake la kawaida, ambalo ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2, tayari liko juu ya letu, kwa hiyo siku ya fukuto mbwa aliyelala kivulini yuko katika kazi ya kujiokoa na hari, na kivuli kile amekishika kama anavyoshika bakuli lake la chakula. Tatizo ni kwamba mdomo uliofunguka kwa kutweta watu huuona kama tabasamu. Mbwa anayetweta akifunga mdomo ghafla na kukaza mwili mtu anapomsogelea, hilo ni onyo, na huenda likawa la mwisho. Mtu mzima huliona. Mtoto wa miaka sita, ambaye uso wake uko karibu kabisa na mdomo wa mbwa, halioni.

Msoma Takwimu

Naheshimu maelezo ya daktari, lakini tusilibebeshe joto mzigo wote. Utafiti huo ulihesabu kuumwa kwa watu, si kwa watoto peke yao, na haukuwa na taarifa za mbwa wenyewe wala za kama waliwafahamu waliowauma. Isitoshe, asilimia 4 si tofauti ambayo nesi ataiona kwa macho akiwa zamu; ikiwa kweli anaona wodi imebadilika, basi huenda anachokiona ni shule kufungwa, milango kuwa wazi, watoto kukimbia na kupiga kelele katika ua uleule ambamo mbwa naye ametolewa. Hata asilimia 11 ya miale ya jua naisoma hivyo kwa sehemu kubwa: jua likiwaka watu hutoka.

Babu wa Chumbageni

Wanangu, huku Tanga joto kali ni la kaskazi, Desemba hadi Machi, na Desemba ndipo shule zimefungwa. Naona hayo mnayoyabishania yanakuja pamoja, hata kuyatenganisha ni shida. Ila kwetu swali la kwanza ni kichaa cha mbwa, ambacho Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huua watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Ukiumwa, hata ukiparuzwa tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukachanjwe siku hiyohiyo. Wanaopaka pilipili wanapoteza muda. Je, mama, mbwa huyo amechanjwa?

MamaPacha, Dallas

Shikamoo, Babu. Ndiyo, amechanjwa, na alizuiliwa siku 10 akichunguzwa kama sheria ya hapa inavyotaka. Hakuonyesha dalili yoyote. Daktari, maneno yako kuhusu mdomo yamenirudisha nyuma. Pacha wake anasema mwenzake alikwenda akiwa amelowa, akamkumbatia mbwa shingoni, na mbwa «akanyamaza kutweta» kwanza. Sikulitilia maanani. Sasa nimwambie nini jirani?

Mganga wa Mifugo, Morogoro

Mwambie aweke uzio mdogo kuzunguka kile kivuli, na maji ndani yake, ili mbwa awe na mahali ambapo mtoto hafiki. Saa za jua kali, watoto wakiwa uani, mbwa akae ndani. Matembezi yake yawe alfajiri au baada ya magharibi. Nawe wafundishe pacha wasimguse mbwa aliyelala, anayekula au anayenyonyesha, na wakitaka kumshika wamwite aje mwenyewe. Asipokuja, wamwache.

MamaPacha, Dallas

Ahsante. Nitampeleka mume wangu kwa jirani jioni hii, kabla hajaandika barua ya kutaka mbwa aondolewe.