Mjadala: Mpango wa kanda wa kupunguza gesijoto, wananchi waingie hatua ipi?

Mtoa mada
Wadau, kila kanda inayoandaa mpango wa kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, husema imeshirikisha wananchi. Ukichungulia, ushirikishwaji wenyewe ni mkutano wa saa mbili, rasimu ikiwa imeshaandikwa na hatua zimeshachaguliwa. Mimi nasema waingie mwanzoni kabisa, kwenye hesabu ya gesi. Hesabu ndiyo inaamua yote yanayofuata, na ndiyo yenye matundu. Anayepinga aje na hoja.

Mchangiaji wa kwanza
Napinga, mkuu. Hesabu ni kazi ya wataalamu. Mwongozo wa GPC wa mwaka 2014, unaotumika kuhesabu gesi za miji na kanda, unagawa vyanzo mafungu matatu: gesi inayotoka ndani ya mpaka, umeme wa gridi unaotumika ndani hata kama umefuliwa kwingine, na gesi inayotoka nje kwa sababu ya shughuli za ndani. Hapo tu nusu ya ukumbi imeshapotea. Ukiwaachia wachague hatua, watachagua zinazoonekana: miti na taa za sola barabarani. Mche uliopandwa leo unahitaji miaka mingi kabla haujafyonza hewa ukaa ya maana, na dampo linatoa methani sasa hivi.

Mtoa mada
Vizuri umelitaja dampo, tulipigie hesabu hapa hapa. Chukua tani 1 ya mabaki ya chakula kwa viwango vya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi: kaboni inayoweza kuoza ni asilimia 15 ya uzito mbichi, nusu yake ndiyo inayooza kweli, na nusu ya gesi inayotoka ni methani. Halafu kuna kizidisho cha aina ya dampo: 0.8 kwa dampo holela lenye kina cha mita 5 na zaidi, 0.4 kwa lenye kina kifupi. Zidisha 0.15 × 0.5 × 0.8 × 0.5 × 16/12 (hiyo ya mwisho inageuza uzito wa kaboni kuwa wa methani), unapata kilo 40 za methani. Methani ina nguvu mara 28 ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100, kwa hiyo ni kilo 1,120. Hiyo ni kama kuchoma lita 415 za dizeli.

Sasa weka 0.4 badala ya 0.8. Jibu limekatika nusu, na hakuna kilichobadilika ila kina cha shimo. Kina hicho, na uzito wa taka zinazochomwa uani au kutupwa korongoni, mara nyingi haviko kwenye faili lolote. Mtaalamu anachukua idadi ya watu, anazidisha kwa kilo za kukisia. Wanaojua ni wakazi na waokota taka.

Mchangiaji wa pili
Namba nazikubali, ila katika kulikwepa dampo msikimbilie mboji, yaani kuozesha taka ziwe mbolea, kana kwamba haitoi kitu. Kwa viwango hivyo hivyo, tani 1 ya taka mbichi ikigeuzwa mboji hutoa kilo 4 za methani na gramu 240 za oksidi ya nitrasi, ambayo ina nguvu mara 265 ya hewa ukaa. Jumla kama kilo 176. Ni ndogo mbele ya 1,120, lakini hiyo ni pale rundo linapopumua, hewa inapita ndani. Mabaki ya jikoni yamejaa maji. Yakirundikwa peke yake yanashikana, hewa inakatika, na umejenga dampo dogo. Changanya na majani makavu au vumbi la mbao hadi kaboni iwe mara 25 hadi 30 ya nitrojeni. Joto lifike nyuzi 55 na likae hapo siku kadhaa, likishuka geuza.

Na plastiki ikipita, hakuna mkulima atakayeitaka mboji hiyo. Kutenga taka kunafanyika jikoni kwa mtu, wala si ofisini. Gari likija na kumwaga ndoo mbili kwenye bodi moja, wiki ya tatu hatengi mtu. Kwa hiyo waulizeni kwanza ratiba ya gari, miti baadaye.

Mchangiaji wa tatu
Mnasema "wananchi", wepi? Mkutano wa hadhara hujaa wenye nafasi na wenye hasira. Ufaransa, baada ya kodi ya mafuta kuwasha maandamano ya vizibao vya njano mwaka 2018, iliokota watu 150 kwa bahati nasibu na kuwalipa posho ili wapendekeze njia za kupunguza gesijoto. Walikaa kuanzia Oktoba 2019 hadi Juni 2020, wakatoa mapendekezo 149. Rais Macron akakubali 146. Yalipofika kwenye sheria ya 2021, mengi yalikuwa yameshapunguzwa makali. Bahati nasibu ni sawa, lakini iandikwe mapema kwamba kila pendekezo litajibiwa kwa maandishi: limekubaliwa, limebadilishwa au limekataliwa, na kwa nini.

Mchangiaji wa kwanza
Nalegeza kidogo. Wananchi walete uzito, kina na idadi ya safari za magari, vizidisho wasiviguse. Ila kuna mtego: data ikiboreshwa, mwaka wa msingi, ule ambao punguzo linapimwa dhidi yake, nao uhesabiwe upya kwa njia ile ile. Mkihama kutoka 0.8 kwenda 0.4 mwaka huu tu, mtatangaza punguzo la nusu bila gramu moja kupungua. Na taka zilizofukiwa zamani zitaendelea kutoa gesi kwa miaka, hata mkigeuza zote mpya kuwa mboji kesho.

Mtoa mada
Hilo la mwaka wa msingi nalichukua zima. Bado mizani ya magari kwenye geti la dampo: nani ananunua, na nani anasoma namba?