Naomba ushauri: "pants" ni suruali au chupi?

Wakuu, kuna orodha ya nguo ya kutafsiri na neno "pants" linanigomea.

Asili haina utata. Pantalone ni mzee bahili wa Venice katika maigizo ya Kiitaliano, mwenye vazi la kubana miguu. Kwake likatoka "pantaloons", na Wamarekani wakalifupisha katika karne ya 19. Kwao ni suruali. Mwingereza kwa kawaida akisema "pants" ana maana ya chupi. Suruali kwake ni "trousers".

Hesabu nayo ina mtego: "three pairs of pants" ni suruali tatu tu. Ukiandika jozi tatu, msomaji atahesabu sita!

Kwa sasa naangalia tahajia: penye "color" (ya Kimarekani) naandika suruali, penye "colour" (ya Uingereza) chupi. Kukiwa na kipimo cha urefu wa mguu, hapo hakuna ubishi, ni suruali. Kinachonishinda ni mstari mkavu kama "cotton pants, white, M". Bila picha, mnaamuaje?

Na "vest" je? Mmarekani anataka kizibao, Mwingereza fulana ya ndani. Dalili zake ni zipi?