Obsidian na Syncthing: mafaili ya "sync-conflict" hayaishi, na viungo vya wingi vinanishinda

jarida_la_shamba

Wakuu, habari zenu. Natumia Obsidian (programu ya kuandika kumbukumbu) kwenye kompyuta ya Windows na simu ya Android. Folda ni moja, ina mafaili ya Markdown (maandishi ya kawaida, `.md`) kama 1,400: kumbukumbu za ushirika, mikopo ya pembejeo, bei za mazao. Sitaki akaunti ya wingu; maandishi yakae kwangu na yafunguke hata bando likiisha. Nasawazisha kwa Syncthing (programu inayohamisha mafaili kati ya vifaa vyangu bila akaunti ya wingu), simu ikiwa ndiyo hotspoti. Maswali matatu:

Kila siku naokota faili kama `2025-03-04.sync-conflict-20250304-191207-K7QX2LM.md`. Lipi ndilo sahihi, na nifanyeje yasizaliwe?

Simu na kompyuta havionani kwenye hotspoti mpaka niwashe data. Si viko chumba kimoja?

Nikiandika kiungo `[[mikopo]]` nafunguliwa ukurasa mtupu badala ya kupelekwa kwenye ukurasa wangu wa Mkopo.

fundi_faili

Mkuu, hakuna kilichopotea. Syncthing ikikuta faili limebadilishwa pande zote mbili kabla hazijaonana, haijaribu kuchanganya mistari. Lenye saa ya karibuni zaidi linabaki na jina lake, la zamani linabatizwa hilo jina refu. Yote mawili ni maandishi yako, usifute kwa mkupuo.

Kwa kuwa mshindi anaamuliwa na saa, kagua kwanza saa ya kompyuta. Ile betri ya mviringo kwenye ubao mama ikifa, kompyuta ikizimika kabisa inarudi nyuma miaka, na bila intaneti Windows haijirekebishi. Hapo faili la kompyuta litashindwa kila mara hata kama ndilo ulilomaliza kuliandika sasa hivi.

Kusafisha: kwenye kisanduku cha kutafuta cha Obsidian andika `file:sync-conflict`, yale ya maandishi yako yote yatajipanga. Fungua kila jozi kwa WinMerge (programu ya kulinganisha mafaili mawili), hamishia kwenye faili la asili mistari iliyokosekana, ndipo ufute lenye jina refu.

Chanzo kimoja kinachoweza kuleta mgongano si maandishi yako bali `workspace.json` iliyo ndani ya `.obsidian`, folda ya mipangilio ya Obsidian. Inakumbuka kurasa ulizofungua, kwa hiyo inabadilika kila unapobofya tu. Weka hii kwenye "Ignore Patterns" ya folda (orodha ya mafaili ambayo Syncthing itayaruka):

```
.obsidian/workspace*
.trash
```

Fanya hivyo kwenye simu na kwenye kompyuta. Orodha hiyo inakaa kwenye `.stignore`, na hilo ni faili ambalo Syncthing hailisafirishi. Wengi wanaiweka upande mmoja halafu wanashangaa.

Chanzo cha pili ni ukurasa wa siku. Asubuhi simu inaunda 2025-03-04, jioni kompyuta inaunda lake lenye jina lilelile. Kwenye simu badilisha muundo wa jina uwe `YYYY-MM-DD[-simu]`. Mabano ya mraba usiyaache: bila hayo, `s` inasomwa kuwa sekunde na `m` dakika, na saa 1:12 jioni utapata ukurasa unaoitwa `2025-03-04-7i12u`, kisha mwingine mpya kila ukibonyeza.

bando_la_usiku

Nakubaliana na fundi_faili ila hapo mwisho kuna shimo. Muundo wa jina la ukurasa wa siku unahifadhiwa kwenye `.obsidian/daily-notes.json`, na faili hilo linasawazishwa. Ukiubadilisha kwenye simu, kesho kompyuta nayo inaandika "-simu".

Dawa ni kuipa simu folda yake ya mipangilio. Kwenye simu: Settings, Files and links, "Override config folder", andika `.obsidian-simu` (lazima ianze na nukta). Utalazimika kuweka upya programu jalizi (plugins) unazozitaka kwenye simu, na hiyo ni faida, maana zile nzito za kompyuta hazitaichelewesha simu kufunguka. Tena `workspace` ya simu itakuwa inaandikwa na simu peke yake, mgongano utoke wapi?

Kuhusu hotspoti. Fungua `127.0.0.1:8384` kwenye kompyuta, bofya jina la simu, usome aina ya muunganisho. Kama inasema "Relay", maandishi yanatoka chumbani, yanapita seva ya kati (yakiwa yamesimbwa), halafu yanarudi kwenye kompyuta iliyo pembeni, na bando linalipa safari yote. Unataka uone "TCP LAN", yaani vifaa vinaongea moja kwa moja humo chumbani.

Kinachokwamisha ni kwamba simu inayogawa hotspoti yenyewe haipo kwenye Wi-Fi. Programu ya Syncthing ikiwa na sharti la kufanya kazi kwenye Wi-Fi tu, inalala. Kwenye Syncthing-Fork chagua kuilazimisha iwake bila kujali masharti. (Kama bado una ile programu rasmi ya Android, ilisitishwa Desemba 2024, hamia Fork.) Itoe pia kwenye udhibiti wa betri, la sivyo simu itaizima chinichini.

Kisha kwenye kompyuta fungua Command Prompt, andika `ipconfig`, tazama "Default Gateway" ya Wi-Fi. Namba hiyo ndiyo simu yako. Rudi Syncthing, hariri kifaa cha simu, sehemu ya "Addresses" weka, kwa mfano:

```
tcp://192.168.43.1:22000, dynamic
```

Kompyuta ndiyo itakayoipigia simu, kwa hiyo ukuta wa Windows (firewall) hautaingilia. Simu nyingine hubadilisha namba hiyo kila hotspoti inapowashwa. Hapo itabidi uipige `ipconfig` tena. Ukitaka bando lisiguswe kabisa, zima "Enable Relaying" na "Global Discovery" pande zote mbili.

ngeli_na_nukta

Nijibu la viungo, maana hili ni letu Waswahili. Kiingereza kinaongeza herufi mwishoni, kwa hiyo wenzetu wanaandika kiungo na kubandika "s" nje ya mabano, basi. Sisi wingi unakaa mbele: mkopo, mikopo. Kwa programu hayo ni majina mawili yasiyojuana.

Juu kabisa ya ukurasa wa Mkopo, kuanzia mstari wa kwanza, weka alias, yaani majina mbadala ya ukurasa:

```
---
aliases:
  - mikopo
  - mkopo wa pembejeo
---
```

Tumia nafasi, si tabo. Sasa ukianza kuandika `[[miko`, orodha itakuletea Mkopo, bonyeza Enter kuichagua. Obsidian itaandika `[[Mkopo|mikopo]]`. Ukiandika neno lote na kufunga mabano mwenyewe, alias haisaidii, unarudi kwenye ukurasa mtupu. Nadhani hapo ndipo unapoteleza. Kwa maandishi ya zamani, fungua paneli ya viungo vinavyoingia ya ukurasa huo, sehemu ya "Unlinked mentions": inatambua na alias, na kila tajo lina kitufe cha kuliunganisha.

Kutafuta nako kuna ujanja. `/kopesh/` ndani ya mikwaju inaleta alikopesha, wamekopeshwa, wakopeshaji. `/\bmi?kopo/` inaleta mkopo na mikopo bila kukuletea makopo. Usifupishe mpaka `/kop/`, utaokota hadi kope za macho.

mvuvi_wa_data

Kwa nini msimwelekeze Joplin, programu nyingine ya kumbukumbu? Ni huria, inaweza kusimba maandishi, inasawazisha kupitia seva ya WebDAV au Nextcloud.

ngeli_na_nukta

Ni nzuri, ila inaweka maandishi ndani ya hifadhidata ya SQLite, si mafaili unayoweza kuyafungua kwa Notepad. Na nyota yake ya kutafuta inakaa mwisho wa neno tu: `kopesh*` haitakuonyesha "alikopesha". Kwa lugha yenye viambishi awali, hilo ni tatizo la kila siku.

fundi_faili

Nyongeza kabla hujaanza kusafisha: kusawazisha si nakala rudufu. Ukifuta kwenye simu, kompyuta nayo inafuta. Washa "File Versioning", chagua "Staggered", pande zote mbili, kwa sababu kila kifaa kinatunza matoleo ya zamani ya mabadiliko yanayotoka kwa mwenzake tu. Ulichokiharibu mwenyewe kwenye kompyuta utakikuta kwenye `.stversions` ya simu. "File recovery" ya Obsidian inapiga picha kila dakika 5 na kuzitunza siku 7, lakini nje ya folda yako, kwa hiyo kompyuta ikifa zinakufa nayo. Bana folda nzima (zip) uiweke kwenye flashi leo hii.

jarida_la_shamba

Ahsanteni sana. Imeandika "TCP LAN" data ikiwa imezimwa. Sharti la Wi-Fi ndilo lililokuwa linailaza. Enter nilikuwa siibonyezi kweli. Mafaili ya mgongano ni 61, nimeshabana folda, naanza nayo usiku huu.