Mazishi ya kijeshi ya jenerali: mizinga mingapi, risasi ngapi, na bendera inatolewa saa ngapi?

Nyatwali
Wakuu, tangu Jenerali David Musuguri afariki Oktoba 29, 2024 na kuzikwa Butiama, ubishi wa kijiweni haujaisha. Mmoja anasema mkuu wa majeshi mstaafu, tena aliyeongoza Divisheni ya 20 vita vya Kagera, anastahili mizinga 21. Mwingine anasema zile risasi tatu ndiyo mizinga yenyewe. Na bendera, je, inazikwa naye? Mwenye kulijua gwaride atusaidie.

Fimbo_ya_Gwaride
Mkuu, hivyo ni vitu viwili. Mizinga hupigwa mmoja mmoja, na idadi yake hufuata cheo. 21 ni ya mkuu wa nchi. Kwa desturi ya Waingereza, waliounda KAR (jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) alikoanzia Musuguri mwaka 1942, jenerali ni 17. Risasi tatu ni za bunduki, kundi la askari likifyatua kwa pamoja mara tatu kando ya kaburi, na hata koplo anapigiwa.

Sasa hapo kwenye bunduki ndipo panapoharibika. Risasi baridi inayotumika hapo haina kichwa, kwa hiyo gesi inatoka yote mbele bila kupata nguvu ya kurudisha bolti, kile chuma kinachoingiza risasi inayofuata. Kama mtutu haujafungwa kizibo chake, askari anakoki kwa mkono baada ya kila mlio. Akisahau, amri ya pili inamkuta chemba tupu. Na wakikosa kufyatua kwa pamoja, unasikia mahindi yanapasuka kikaangoni badala ya mlio mmoja. Mitutu inainuliwa juu ya vichwa vya watu, maana risasi baridi nayo inaunguza kwa karibu.

Kona_ya_Kijani
Bendera haiingii kaburini hata siku moja. Jeneza likifika, kwanza wanatoa kofia, upanga na medali, kisha bendera inakunjwa, ndipo jeneza linashushwa. Familia inakabidhiwa.

Namna ya kuilaza: upande wa mlingoti kichwani, kona yake ya juu begani kushoto kwa marehemu. Kwa bendera yetu kijani inakaa kichwani na bluu inaishia miguuni. Ukiona bluu kichwani, wamegeuza.

Wabebaji nao walingane urefu. Mrefu mmoja akiwekwa kati ya wafupi, uzito wote unamwangukia yeye, jeneza linalala upande na kofia inateleza. Mwendo wa pole ni kama hatua 65 kwa dakika, karibu nusu ya mwendo wa kawaida, na mabega yanausikia uzito.

Nyatwali
Shukrani wakuu. Na tarumbeta? Gari la kukokota mzinga, lile la kubebea jeneza, ni lazima?

Fimbo_ya_Gwaride
Tarumbeta hufuata risasi: mlio wa kambini wa kufunga siku, kimya, halafu ule wa alfajiri wa kuamsha askari. Mpigaji aipashe mapema, la sivyo noti ya kwanza inakwaruza mbele ya umati mzima.

Gari si lazima. Wellington, aliyemshinda Napoleon pale Waterloo, alizikwa London Novemba 18, 1852 kwa gari la shaba la zaidi ya tani 10, likivutwa na farasi 12. Njiani likazama matopeni, na kanisani mtambo wa kuteremshia jeneza ukagoma, watu wakasubiri kama saa nzima. Butiama mwezi wa Novemba ni vuli, kwa hiyo mabega manane hayana shida na tope.